Mimea ya Kichina na seli za neva: kulinda ni jambo moja, kuchangamsha ni jingine

Huperzia serrata ni mmea mdogo wa misitu yenye unyevunyevu. Hautoi maua wala mbegu, na mtu anaweza kuukanyaga asijue amekanyaga nini. Wachina wanauita qian ceng ta, na katika tiba yao ya jadi ulitumika kwa michubuko na uvimbe. Hapo zamani haukusifiwa kwa kutibu usahaulifu. Sifa hiyo ulianza kuipata baada ya Liu Jiasen na wenzake, watafiti wa Shanghai, kutenga ndani yake kemikali waliyoiita huperzini A na kuchapisha muundo wake mwaka 1986. Miaka michache baadaye, China iliiruhusu itumike kama dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu.

Mimi ni mfamasia, na dawa za ubongo na neva ndiyo kazi yangu. Naianza mada hii na huperzini A kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa kwa kina, na pia ndiyo inayoonyesha vizuri mahali ambapo watu wengi, wakiwemo wataalamu, wanachanganya mambo. Kwenye chupa za virutubisho huandikwa kwamba inalinda seli za ubongo. Tuangalie kwanza inafanya nini hasa.

Kati ya seli mbili za neva kuna mwanya. Seli moja ikitaka kupeleka ujumbe kwa mwenzake humwaga kemikali kwenye mwanya huo, na mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja asetilikolini mara moja ili njia iwe wazi kwa ujumbe unaofuata. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, seli zinazotengeneza asetilikolini zinakufa, kwa hiyo ujumbe unazidi kufifia. Huperzini A inaingia ndani ya kimeng'enya hicho na kukizuia kisivunje, ndipo kiasi kidogo cha asetilikolini kilichobaki kinapata muda zaidi wa kufanya kazi. Haya si ya kubahatisha. Mwaka 1997 ulichapishwa muundo wa kimeng'enya hicho, kilichotolewa kwa taa wa umeme (yule samaki), ukionyesha kwa eksirei jinsi huperzini ilivyojibana chini kabisa ya shimo lake jembamba.

Wanaoishi karibu na mashamba wanakijua kimeng'enya hiki hata kama hawalijui jina lake. Mkulima aliyevuta dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti anatokwa na mate na jasho, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, na pumzi inakuwa ya shida. Ni kimeng'enya hichohicho kilichozuiwa. Tofauti ni kwamba oganofosfeti hukishika ikang'ang'ania, wakati huperzini hukishika kisha ikakiachia. Kwa sababu hiyo imejaribiwa kwa wanyama kama kinga dhidi ya soman, sumu ya kivita ya jamii hiyo. Mnyama akipewa huperzini mapema, sumu inapofika inakuta nafasi imeshikwa, na baadaye huperzini inaondoka na kukiacha kimeng'enya kikiwa kizima. Naiona hiyo kuwa kazi nzuri sana ya kisayansi.

Lakini kuongeza muda wa asetilikolini hakumaanishi kulinda seli. Ni kuchangamsha mawasiliano ya seli zilizobaki. Seli iliyokuwa inakufa inaendelea kufa.

Dai la ulinzi linatoka kwingine. Ubongo ukikosa damu, seli zinazoumia humwaga glutamati nyingi kupita kiasi. Glutamati hufungua milango fulani kwenye seli za jirani, kalsiamu inamiminika ndani, mitokondria zinashindwa kuzalisha nguvu, na seli inaanza kujiua yenyewe. Uharibifu unasambaa hivyo, seli moja hadi nyingine. Kwenye maabara, huperzini A imeonekana kuizuia milango hiyo isipitishe kalsiamu. Shida ni kwamba inahitajika kwa kiwango kikubwa mara mamia kuliko kile kinachotosha kuzuia kimeng'enya. Mtu akimeza kiasi cha kufikia kiwango hicho, atakuwa katika hali ya yule mkulima muda mrefu kabla ya kupata huo ulinzi.

Na kwa binadamu? Jaribio la Marekani lenye wagonjwa 210 wa Alzheimer lilitoa matokeo yake mwaka 2011. Waliomeza mikrogramu 200 mara mbili kwa siku kwa wiki 16 hawakuwazidi, katika mtihani wa kumbukumbu na fikra, wale waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa mikrogramu 400 kulikuwa na dalili za nafuu, lakini hilo halikuwa swali kuu la jaribio. Hata kama lingefaulu kabisa, tungekuwa tumejua kwamba watu wamefanya vizuri mtihani, si kwamba seli zao zimeokoka.

Kuhusu kemikali za mimea mingine ya Kichina nitasema machache: baikaleini ya huang qin, tanshinoni za danshen, ginsenosidi za jinsengi. Utafiti wake mwingi unafanywa kwenye sahani ya maabara, na mara nyingi seli zinazotumika ni zile ziitwazo SH-SY5Y, ambazo asili yake ni uvimbe wa saratani wa mtoto. Zinagawanyika na kuongezeka, jambo ambalo seli za neva za mtu mzima hazifanyi. Zinamwagiwa sumu, zinawekewa kemikali ya mmea, kisha zilizopona zinahesabiwa. Mimi pia naona faida ya kazi hiyo kama hatua ya kwanza. Ila ginsenosidi Rb1 ikimezwa, bakteria wa utumbo huivunja kuwa kitu kingine. Ini nalo hubadilisha sehemu kubwa ya kinachofyonzwa, na kinachobaki bado kinakabiliana na ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Kilichookoa seli kwenye sahani huenda kisifike kabisa kwenye ubongo wa mtu.

Asiyeamini kwamba mimea hii inaweza kutoa dawa ya kweli akumbuke dawa mseto ya malaria tunayoandikiwa katika vituo vya afya. Nusu yake inatokana na atemisinini, ambayo mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliipata kwenye mmea wa qinghao mwaka 1972. Na upande wa neva ipo moja ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa: butilifthalidi. Iligunduliwa kwenye mbegu za figili (ile iitwayo celery kwa Kiingereza), na China imeiruhusu kwa kiharusi tangu 2002. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,216 huko China, wote wakiwa wamepata kiharusi cha mshipa ulioziba na kupewa matibabu ya kuuzibua. Baada ya siku 90, waliopata nafuu nzuri walikuwa asilimia 56.7 kwa walioongezewa butilifthalidi, na asilimia 44.0 kwa wasioongezewa. Kwa ugonjwa ambao dawa nyingi za kulinda seli zilifaulu kwa panya zikashindwa kwa watu, hiyo ni tofauti kubwa. Ningependa kuona jaribio kama hilo nje ya China, hasa kwa wagonjwa kama wetu, ambao wengi wanafika hospitali muda wa kuzibua mshipa ukiwa umepita.

Angalia kwamba butilifthalidi ilitolewa kwa sindano na vidonge vilivyopimwa. Kula mbegu za figili hakuwezi kuchukua nafasi yake. Kupima na kutambua mmea ni suala la uhai: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmea mmoja wa Kichina ulichanganywa na mwingine wenye asidi ya aristolokiki kwenye dawa za kupunguza unene, na wanawake wengi wakapoteza figo.

Kwa hiyo kama mzazi wako anatumia donepezili, dawa ya Alzheimer, na mtu amemletea chupa ya huperzini A, asizitumie pamoja, maana zote mbili zinazuia kimeng'enya kilekile. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka mno, na kichefuchefu na kuhara vikafuata. Mwenye pumu naye asiiguse bila daktari kujua. Soma pia kipimo: kinapaswa kuandikwa kwa mikrogramu. Ukikuta miligramu 200, usiitumie, irudishe ulikoinunua.