Soya Mbichi Haikuzi Kuku wa Nyama

Malalamiko ya wafugaji yanayofika maabara yanafanana: mfuko umeandikwa protini asilimia 22, lakini kuku wamedumaa. Wengi wanataka tuthibitishe kwamba muuzaji amewadanganya. Inawezekana. Inawezekana pia asilimia ikawa sahihi kabisa, kosa likawa kwenye chanzo cha protini au maandalizi yake.

Mashudu ya soya yanamfaa kuku wa nyama kuliko protini nyingine nyingi za mimea, kwa kuwa yana laisini ya kutosha na upungufu wake wa methionini huzibwa kwa nyongeza ndogo; hizi mbili ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Soya mbichi ni jambo jingine. Ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Kuku akiila, kongosho lake hukua kupita kiasi, protini hutoka na kinyesi, uzito haupandi. Kuisaga laini hakusaidii. Kuianika juani hakusaidii, na tumelisema hili mara nyingi. Vizuizi huharibiwa na joto la kukaanga au kuchemsha. Joto likizidi, laisini huharibika, ilhali kipimo cha kawaida cha protini kinaweza kutoa asilimia ileile, kwa sababu kinahesabu nitrojeni tu, ambayo hubaki hata laisini ikiharibika.

Alizeti ina laisini kidogo, na isiyokobolewa ina nyuzinyuzi nyingi. Pamba ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu zake, inayoishika laisini. Karanga zilizohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu. Vyote vinaweza kutumika kwa kiasi, mchanganyiko ukisawazishwa kwa asidi amino. Kubadilisha soya kwa alizeti kilo kwa kilo si kusawazisha.

Anayelalamika alete sampuli inayopimika. Chota kwenye mifuko kadhaa ya toleo moja ambayo haijafunguliwa: juu, katikati na chini. Changanya, gawa mafungu manne, ondoa mawili yanayokabiliana, rudia hadi ibaki takribani kilo moja. Itie kwenye mfuko safi na mkavu, ifunge, andika namba ya toleo na tarehe. Hifadhi nusu yake, pamoja na lebo na risiti. Lebo ya uongo inaweza kumletea muuzaji kuzuiwa kwa mzigo au adhabu ya kisheria, lakini chakula kilichozolewa kwenye vyombo vya kulia kuku hakithibitishi lolote dhidi yake.

Kwenye fomu, usiombe kipimo cha protini peke yake. Kama chakula kina soya, omba na cha yurease, kimeng'enya cha soya kinachoharibiwa na joto; kipimo hicho huonyesha kama iliiva. Andika pia umri wa kuku, maana kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji protini nyingi kuliko kuku anayekaribia kuuzwa.