Kwa nini huwa nasimamisha filamu katikati

Kazi yangu ni kuonyesha filamu za makala kuhusu mazingira katika mitaa ya Nairobi: ua wa kanisa, ukumbi wa chama, mara nyingine ukuta wa ploti uliopakwa chokaa. Nina projekta, spika mbili, shuka jeupe na fundo la nyaya ambalo sijawahi kulifungua lote. Swali ninaloulizwa zaidi ni filamu gani itawafanya watu waishi bila kuharibu mazingira. Hunipa taabu, maana filamu ileile nimeiona ikitikisa mtaa mmoja na kuwalaza usingizi watu wa mtaa wa pili.

Mwanzoni niliamini hofu. Niliwahi kuonyesha A Plastic Ocean ya mwaka 2016, yenye ndege waliopasuliwa matumbo yakatoka vipande vya plastiki. Watu walishika vinywa. Halafu tukagawa soda kwenye vikombe vya plastiki vya kutupa, ambavyo nilikuwa nimevinunua mwenyewe asubuhi ile. Taa zilipowashwa, vikombe vilikuwa vimetapakaa chini ya viti kama mabawa ya kumbikumbi baada ya mvua. Mtoto mmoja akavikusanya, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaniletea mezani. Hakusema neno. Tangu siku hiyo kila mtu huja na kikombe chake kutoka nyumbani.

Wala tusijidanganye: mfuko wa plastiki haukuondoka madukani Kenya kwa sababu ya filamu. Uliondolewa na sheria, tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Filamu hufanya kazi nyingine. Humfanya mtu aone kwamba jambo fulani linamhusu yeye, na hapo ndipo uchaguzi wa filamu unapokuwa na maana.

Ninayoirudia kuliko zote ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera akajirekodi mwenyewe kwa miaka kadhaa: mkewe, watoto, shamba, ukame, kisha dhoruba. Baadaye anafika Paris kwenye mkutano wa hali ya hewa wa mwaka 2015. Nilipoionyesha Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi ambako wengi wametoka Ukambani kama Kisilu, kicheko kilikuwa kinatangulia maandishi ya tafsiri. Kisilu anasema jambo kwa Kikamba, nusu ya ukumbi inaangua kicheko, sisi wengine tunasoma halafu tunacheka kwa kuchelewa. Hakuna sauti ya msimulizi kutoka mbali inayoweza kufanya hivyo. Pale watu hawakuwa wanamtazama mkulima maskini. Walikuwa wanamtazama mjomba.

Nami huisimamisha baada ya dhoruba, kabla ya Paris. Wapenzi wa filamu hunikasirikia, na nawaelewa. Lakini nimekaa gizani na watazamaji mara nyingi vya kutosha kujua jinsi filamu hizi zinavyojengwa: tatizo, machozi, kisha muziki unapanda na matumaini yanaingia. Muziki ule ukipanda, mtu huhisi kazi imeshafanywa. Anapiga makofi, anapanguza macho, anakwenda kulala akiwa mwepesi. Nikikata kabla ya hapo, uzito unabaki mapajani mwake. Ninauliza swali moja tu: kesho asubuhi ungeanza na nini?

Usiku ule hakuna aliyetaja hali ya hewa ya dunia. Walizungumzia mabati. Mama mmoja alisema mvua ikinyesha maji yote ya paa lao huishia mtaroni, na kesho yake wananunua maji kwa mtungi wa lita 20. Wakalumbana kama saa nzima: mfereji wa kukingia maji nani anunue, tangi likae wapi, mwenye nyumba atasema nini. Mwenye nyumba alisema paa ni lake. Wakachanga kwenye chama, yaani kikundi chao cha akiba, wakanunua mfereji na pipa, wakamwambia wakihama wataviacha. Hapo akakubali. Mwisho wa filamu waliutazama wiki mbili baadaye, na walikuwa wakali sana kwa wale wajumbe wa Paris.

The True Cost, ya mwaka 2015, ilinipa somo jingine. Inahusu nguo za bei rahisi na jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililoporomoka Aprili 2013 na kuua wafanyakazi zaidi ya 1,100. Nairobi watu hukunja mikono: sisi ni wa mitumba, hayatuhusu. Mpaka muuzaji mmoja wa soko la mitumba la Gikomba alipoinuka kueleza robota la nguo linavyofunguliwa. Kwanza hutoka kamera, yaani zile safi zinazogombaniwa (na hapa kila mtu aliitazama projekta yangu akacheka). Chini kabisa hubaki fagia, nguo ambayo hata bure haichukuliwi, nyingi za poliesta. Hiyo huchomwa, au hutupwa mtoni. Siku hizi nikionyesha filamu hiyo, fundi wa cherehani hukaa mlangoni, na watu huja na suruali zilizochanika.

Ninayoiandaa sasa ni Between the Rains ya mwaka 2023, kuhusu kijana mfugaji wa Kiturkana anayekua wakati wa ukame kaskazini mwa Kenya. Maandishi ya tafsiri ni madogo mno kwa shuka langu, kwa hiyo nataka mtu aitafsiri papo hapo kwa maikrofoni, kama DJ Afro anavyozisimulia filamu za mapigano. Ukimjua Mturkana anayeishi upande wa Mukuru, mwenye mdomo mwepesi na asiyeona haya mbele ya watu, mwambie anitafute kabla ya mwisho wa mwezi. Kikombe aje nacho.