Gari "inavuta tani tatu na nusu" maana yake nini hasa

Kuna sentensi naisikia kila mara na kusema kweli imenichosha: "Pikapu yangu inavuta tani tatu na nusu, kwa hiyo hata nikijaza bodi bado nafunga tela bila wasiwasi." Hapo mtu kashachanganya kuvuta na kubeba, na gari inahesabu hivyo vitu mbalimbali kabisa.

Uwezo wa kuvuta ni uzito wa juu kabisa wa tela ambao mtengenezaji ameruhusu, yaani tela lenyewe pamoja na kila kilichomo ndani yake. Basi. Maji nayo yanahesabiwa, lita moja kilo moja, hivyo tangi la lita 200 ni kilo 200. Na kitabu cha gari mara nyingi kina namba mbili, ya tela lenye breki zake na ya tela lisilo na breki, hiyo ya pili kwa magari mengi ni kilo 750 tu. Sasa watu wanaitangaza ile kubwa huku tela walilonalo halina breki hata moja.

Lakini kinachonikera zaidi ni hili la kubeba. Tela halifuati tu nyuma kwa magurudumu yake, sehemu ya uzito wake inakandamiza pale linapofungwa kwenye gari. Kwa tela la kawaida inatakiwa iwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote. Tela la kilo 3,000 linakuwekea kilo 300 hadi 450 mgongoni, na hizo gari inazibeba kama vile umezipakia kwenye bodi, tena vibaya zaidi kwa sababu zinakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ni kama mtu mzito kukaa kwenye ncha ya ubao, huku kunashuka na mbele kunanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele hazishiki barabara vizuri, na breki za mbele ndio zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari.

Tupige hesabu. Angalia GVM, ambayo ni uzito wa mwisho wa gari yenyewe na kila ilichobeba, halafu GCM, uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme pikapu ikiwa na mafuta bila watu ina kilo 2,100, GVM yake 3,000, GCM yake 5,950, na uwezo wa kuvuta ni 3,500. Kwa hiyo inabeba 900. Ukizijaza hizo 900 zote, watu na mzigo, gari imefika 3,000, mtu anatoa kwenye 5,950 anaona zimebaki 2,950 anasema ah, hapa tela la tani mbili na nusu linaingia vizuri tu. Haliingii! Hilo tela linataka kuweka kilo 250 mpaka 375 mgongoni mwa gari ambayo haina nafasi ya hata kilo moja. Ukigeuza, ukafunga tela la 3,500 kamili, gari na vilivyomo haitakiwi kuzidi 2,450, yaani zimebaki 350 za watu na mizigo, na watu watano wa kilo 75 kila mmoja ni 375. Umeshapita kabla hujaweka begi.

Kwa hiyo ile tani tatu na nusu ni namba ya gari iliyo karibu tupu, na hakuna aliyedanganya hapo, ndivyo inavyopimwa.

Wengine wakishaambiwa hivi wanasogeza mzigo nyuma kabisa ya tela ili gari ipumue. Hapa naomba tusikilizane kwa sababu hii inaua watu. Tela lililo jepesi mbele linaanza kuyumba mkia, mwendo ukiongezeka linazidi, na likishashika mwendo wa kuyumba linaivuta na gari. Uzito mwingi ukae mbele ya ekseli ya tela, na kama mgongo wa gari haumudu basi punguza mzigo, sio kuuhamisha. Na kuongeza majani ya springi kunanyanyua tu gari isionekane imelala, breki ni zilezile, ekseli ni ileile, na gia boksi itachemka vilevile kwenye mlima. Injini kuweza kuondoka na mzigo sio ushahidi kwamba gari itaweza kuusimamisha.

Ukitaka namba ya kwako mwenyewe, pitisha gari kwenye mzani ikiwa na watu na mizigo ya safari, toa uzito uliosomeka kwenye GCM uone tela lisizidi kiasi gani, kisha toa uzito huohuo kwenye GVM uone kama asilimia 10 hadi 15 ya tela inaenea pale. Halafu soma na namba iliyogongwa kwenye chuma cha kufungia tela, maana nacho kina mwisho wake, na katika namba zote hizo unayoifuata ni ile inayoruhusu tela dogo kuliko zote, hata kama kitabu kimeandika 3,500.