Je, wajua kwa nini baiskeli ya chuma ya zamani inakubali gia za leo?

Kinga nyingi zinazoingia Lubumbashi asubuhi, kama tunavyoziita baiskeli huku Katanga, ni zile nzito, nyeusi, zilizopakiwa magunia ya makala, yaani makaa, hadi mwendeshaji haonekani. Lakini kwenye vitu vya okazioni, yaani mitumba, vinavyofika kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mara mojamoja hujitokeza baiskeli ya aina nyingine: mabomba membamba, usukani uliopinda kuelekea chini, levazi mbili za gia zilizofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Ni baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1970 au 1980. Rangi imebanduka, friwili imeshikwa na kutu, na muuzaji anataka kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Usiiache iende kwa wanunuzi wa chakavu. Fremu ile inaweza kubeba magurudumu na gia zilizotengenezwa miaka arobaini baada yake, na ikaenda vizuri. Inawezekanaje, wakati simu ya miaka mitano tu haipati tena hata betri? Jibu liko mahali pawili: kwenye tabia ya chuma chenyewe, na kwenye vipimo vichache ambavyo watengenezaji hawakuvigusa.

Anza na chuma. Chukua spoku iliyotoka kwenye rimu mbovu, ikunje kidogo kwa vidole, kisha iachilie: inarudi kama ilivyokuwa. Ikunje zaidi, nayo itabaki imepinda, bila kuvunjika. Feleji, yaani chuma cha namna hii, ina mambo hayo mawili kwa pamoja. Ikisukumwa kidogo inarudi, ikisukumwa kupita kiwango fulani inapokea umbo jipya na kukaa nalo. Alumini ya fremu haina uvumilivu huo. Kila inapotikiswa inachoka kidogo, na ukiilazimisha kubadili umbo unaialika ipasuke. Kaboni yenyewe haipindi ikabaki imepinda, inavunjika.

Sasa, kwa nini tunahitaji kuipinda fremu? Kwa sababu ya upana wa nyuma, yaani nafasi kati ya pande mbili zinazoshika ekseli ya gurudumu la nyuma. Baiskeli za mashindano zilipokuwa na gia 5 nyuma, nafasi hiyo ilikuwa milimita 120. Zilipofika gia 6 na 7 ikawa 126. Zilipofika 8 ikawa 130, na hapo ikakaa hata gia zilipofika 9, 10 na 11, hadi breki za diski zilipokuja na ekseli za aina nyingine. Kwa hiyo fremu ya miaka ya 1980 yenye 126 inapungukiwa milimita 4 tu, mbili kila upande. Kwa chuma, hilo si jambo kubwa.

Kuna wanaopanua kwa mikono kila wanaporudisha gurudumu. Inafanya kazi, lakini pande mbili za nyuma hazitazamani tena sawasawa, na ekseli inabanwa kwa mshazari. Njia bora ni kuipinda fremu ikiwa baridi, mara moja, ikae hivyo.

Nilimtazama fundi mmoja mzee kule Katuba, hapa Lubumbashi, akiifanya kazi hiyo. Alifunga uzi kwenye sehemu ya ekseli upande wa kushoto, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani, akaurudisha hadi upande wa kulia, akaukaza. Kisha akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, nyuma ya fremu iko katikati. Ndipo akachukua kibao kirefu cha mbao ngumu, akakiegemeza kwenye fremu, akausukuma mguu mmoja wa nyuma wa fremu polepole, akauachilia, akapima. Mguu ulikuwa umerudi pale pale. Akasukuma tena, zaidi kidogo. Ili upate milimita 2 zinazobaki, lazima uupeleke mguu mbali zaidi ya hapo, kwa sababu chuma kinarudisha sehemu kubwa ya kile ulichokisukuma. Kijana anayejifunza kwake akauliza, “Papa, tusiipashe moto kidogo?”

“Hapana, mwana. Moto utaua bomba.”

Mzee alikuwa na sababu nzuri. Mabomba ya baiskeli za mashindano si kama yale ya baiskeli za makala. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, ilipata hataza mwaka 1897 ya kutengeneza bomba ambalo ncha zake ni nene na katikati ni jembamba. Mwaka 1935 ikatoa bomba la 531, feleji yenye manganizi na molibdeni, ambayo ikawa maarufu sana kwenye fremu nzuri. Katikati ya bomba kama hilo, ukuta wake unaweza kuwa na nusu milimita tu au zaidi kidogo. Unene upo kwenye ncha, pale mabomba yanapoungana. Kuyaunganisha, mafundi hawakuyeyusha chuma. Waliingiza bomba ndani ya soketi, wakamimina kwenye nafasi iliyobaki mchanganyiko wa shaba na zinki unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi, wakati feleji inasubiri karibu nyuzi 1,500. Shaba na zinki, madini yale yale ya mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa mjini!

Ndiyo maana nasema kwa nguvu: fremu ya namna hii ikiwa na ufa, usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea mageti. Umeme wa kuchomea geti unatoboa ukuta wa nusu milimita kabla fundi hajashusha miwani. Baiskeli ya makala inavumilia, chuma chake ni kinene. Hii haivumilii.

Baada ya kupanua, kuna kipande kidogo ambacho wengi wanakisahau: lile sikio chini ya ekseli upande wa kulia, linaloshika kihamishaji cha cheni. Likipinda kidogo tu, gia za kisasa hazitatulia. Zamani haikuwa shida kubwa. Levazi ilisogea bila vituo, na mkono wa mwendeshaji ulitafuta mahali pazuri. Mwaka 1984 Shimano, kampuni ya Japani, ilileta kwenye Dura-Ace, vifaa vyake vya mashindano, mfumo wa levazi yenye vituo, kila mlio gia moja, na mwaka 1990 ikaweka kubadili gia ndani ya levazi ya breki. Raha kubwa, lakini mlio mmoja unavuta waya kiasi kile kile kila mara, haujui kama sikio limepinda. Hapa fremu ya zamani inashinda tena: sikio lake ni la chuma, sehemu ya fremu yenyewe, unalinyoosha na kuendelea. Kwenye fremu za alumini sikio ni kipande cha kufunga, na likivunjika unaagiza lingine la fremu ile ile.

Upande wa pili wa jibu ni vipimo ambavyo havikuguswa. Kutoka pini hadi pini ya cheni ni milimita 12.7, na ilikuwa hivyo tangu zamani. Cheni imekuwa nyembamba kadiri gia zilivyoongezeka, lakini urefu huo haukubadilika. Tundu la sikio kwenye fremu nyingi lina nyuzi za skrubu za milimita 10 zinazopokea kihamishaji cha leo. Nguzo ya kiti ya milimita 27.2, ambayo mara nyingi ni dalili ya bomba zuri, bado inauzwa.

Magurudumu yana zawadi yake. Baiskeli nyingi za zamani zilivaa rimu za inchi 27, ambazo kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 630. Za leo, 700C, ni 622. Mpira wa breki lazima ushuke milimita 4 kufikia rimu mpya; breki zenye mikono mirefu zinafika, na nyingi za zamani zinafika bila kubadilishwa. Nafasi inayobaki juu ya rimu unaijaza kwa tairi pana zaidi, na anayeijua lami ya Lubumbashi mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekwisha kuitoboa, ataelewa faida yake.

Gia ngapi? Ningechagua 8. Cheni yake ni ya bei nafuu na inavumilia vumbi la kiangazi kuliko cheni nyembamba za 11. Tena kaseti (rundo la gia za nyuma) za 8, 9 na 10 za Shimano zinaingia kwenye habu moja, yaani kitovu kimoja cha gurudumu, kwa hiyo mlango wa baadaye haujafungwa. Kaseti ya 11 ya barabarani inataka habu ndefu zaidi kwa milimita 1.85. Na pale levazi za zamani zilipofungwa kwenye bomba la chini, unafunga vishikio vya waya na kupeleka waya juu kwenye levazi mpya.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya bomba la usukani. Ukikuta rangi imekunjamana hapo, baiskeli ile iligonga kitu kwa mbele na bomba limejikunja, iache. Toa nguzo ya kiti, geuza fremu, uone kama yanatoka maji au unga wa kutu. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya chuma bila grisi inaweza kushikana kabisa. Mwaga mafuta ya kupenya, subiri siku kadhaa, usianze kwa nyundo.

Mahali panapohitaji akili zaidi ni kasha la krenki, lile bomba fupi la chini ambamo ekseli ya pedali inazunguka. Fremu zenye nyuzi za Kiingereza zina kasha la upana wa milimita 68, na kikombe cha kulia, kinachoshika beringi, kinafunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha mazoea. Za Kiitaliano zina upana wa 70 na kikombe cha kulia kinafunguka kwa njia ya kawaida. Za Kifaransa nazo zina 68, lakini tundu ni la milimita 35 na nyuzi zake ni za peke yake. Peugeot nyingi za zamani ziko hivyo, na kwetu, ambako mizigo mingi inatoka Ubelgiji na Ufaransa, utakutana nazo. Fundi akilazimisha kikombe cha Kiingereza humo, nyuzi zimekwisha. Lakini hata hapo fremu haijafa: kuna kasha za beringi zilizofungwa zinazojibana kwa kukazwa kutoka pande mbili, bila kutumia nyuzi za fremu hata kidogo, na krenki mpya inakaa juu yake kama kawaida.