Mwacheni Lennox Lewis na kidevu chake

Kila yakianza mabishano ya mabondia wa uzito wa juu wa Uingereza, hakosi mtu wa kudakia: "Lennox Lewis? Kidevu cha glasi yule, kalazwa mara mbili kwa konde moja moja." Yaani eti kidevu chake hakihimili konde. Haya, tuyarudie hayo makonde mawili, maana naona wengi wameshika matokeo tu.

Wembley, Septemba 1994, raundi ya pili. Lewis anaingia na jabu, lile konde la haraka lililonyooka la mkono wa mbele, akiifuatishia konde la kulia. Angalia mkono wa kushoto: baada ya jabu haurudi shavuni, unaanguka chini. Kichwa kimebaki palepale, hakijahama hata inchi, na uzito wote umelalia mguu wa mbele. Mpinzani wake, Oliver McCall, anaachia kulia yake wakati huohuo, inafika kwanza. Konde unaloliona linakuta umeng'ata kinga ya meno, kidevu kimezama begani na shingo imekaza. Usiloliona linakuta shingo imelegea, kichwa kinazunguka ghafla, na ukiwa unasogea mbele unaongezea nguvu ya mpinzani kwa uzito wako mwenyewe. Nitajie kidevu kinachostahimili hiyo. Kona ya McCall usiku ule alikuwepo Emanuel Steward, ambaye Lewis alimchukua baadaye awe kocha wake. Chini ya Steward mkono wa jabu wa Lewis ukaanza kurudi juu na miguu ikatulia.

Brakpan, Afrika Kusini, Aprili 2001, nitapita haraka: mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Lewis kachelewa kwenda kuizoea hewa, mwili mzito. Raundi ya tano yuko kwenye kamba, mikono chini, anatabasamu. Hasim Rahman akamtwanga kulia. Novemba wakarudiana Las Vegas, Rahman akalala raundi ya nne.

Sasa nyie wa glasi nielezeni: Frank Bruno alimpiga Lewis makonde ya maana Cardiff mwaka 1993, mbona aliyesimamishwa raundi ya saba ni Bruno? Ray Mercer alimtwanga raundi 10 nzima mwaka 1996, na Lewis hakulala. Shannon Briggs alimtikisa raundi ya kwanza mwaka 1998, akaishia raundi ya tano. Mapambano 44, kushinda 41, sare moja. Na hao wawili waliomshinda, wote aliwalipa.

Kama refa alikimbilia kumaliza pambano la McCall, hapo kweli nasita. Lewis aliinuka kabla ya kumi, lakini alipepesuka, na kila nikiitazama ile picha naegemea upande tofauti.

Ila kuna jambo zito kuliko kidevu, na hamligusi. Juni 2003, daktari alipomzuia Vitali Klitschko, mpinzani wa Lewis, asiendelee baada ya raundi ya sita kwa sababu ya jicho lililochanika, majaji wote watatu walikuwa na pointi 58-56, Klitschko akiongoza. Jeraha lilitokana na konde halali, kwa hiyo ushindi ni wa Lewis bila ubishi. Lakini Lewis alikuwa anahema mdomo wazi, na raundi sita zilikuwa bado. Mkitaka kumpunguzia heshima, anzieni hapo.