Ruhusa za Kurasa za Kumbukumbu: Biti Ndogo Zinazolinda Simu na Kompyuta Yako

Kumbukumbu ya simu au kompyuta imegawanywa katika kurasa, na mara nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Kerneli, sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka ya juu, huwa na jedwali linaloonyesha kila ukurasa ulipo na nani anaruhusiwa kuufanya nini. Kwenye prosesa za biti 64 za Intel na AMD, kila ukurasa una biti zake ndani ya jedwali hilo, yaani swichi ndogo za kuwasha na kuzima: biti namba 1 huruhusu kuandika. Namba 2 ikizimwa, programu za kawaida haziugusi ukurasa huo. Namba 63 ikiwashwa, kilichomo hakiwezi kuendeshwa kama programu.

Programu ikijaribu kuandika pasipo ruhusa, prosesa huisimamisha na kuipelekea kerneli kesi hiyo. Si kila kesi ni uhalifu. Programu inapojizalisha ikawa mbili, kerneli hainakili kumbukumbu yote papo hapo. Huzima biti ya kuandika, zote mbili zikasoma kurasa zilezile, na itakayoandika kwanza ndiyo hupewa nakala yake. Utaratibu huu, uitwao kwa Kiingereza copy-on-write (COW), huokoa kumbukumbu nyingi mno, na ndipo hatari ilipojificha.

Oktoba 2016 ulitangazwa udhaifu wa kerneli iitwayo Linux. Udhaifu huo huitwa Dirty COW, namba CVE-2016-5195 katika orodha ya udhaifu wa programu, na uliathiri matoleo kuanzia 2.6.22 la mwaka 2007. Mshambuliaji aliiomba kerneli iandike kwenye ukurasa wa faili ambalo yeye aliruhusiwa kulisoma tu. Kerneli ikamtengenezea nakala ya faragha, jambo lililo sahihi kabisa. Kisha ikaondoa kwenye ombi alama ya kutaka kuandika, ikiamini nakala ipo. Kufumba na kufumbua, sehemu nyingine ya programu ileile ikaiagiza kerneli iitupe nakala hiyo. Kerneli iliporudi kuutafuta ukurasa ikaukuta ule wa asili, na kwa kuwa alama imeshaondolewa, haikuuliza ruhusa tena. Ikaandika humo. Mtumiaji asiye na cheo chochote akaweza kubadili faili za mfumo na kujitwalia mamlaka yote.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwahi kujaribu kuliziba tundu hili miaka 11 kabla, wakati hatari yake ilikuwa ya nadharia tu, lakini marekebisho yake yakaondolewa kwa sababu yalileta matatizo kwenye kompyuta kubwa za IBM. Katika marekebisho ya 2016 alama ya kuandika haikuondolewa tena. Iliongezwa nyingine ya kusema nakala imefanyika, na kerneli ikawa inathibitisha kwa biti inayoonyesha kuwa ukurasa umeshaandikwa, namba 6 kwenye prosesa tulizozitaja, kabla ya kuandika chochote.

Android nayo hutumia kerneli ya Linux. Ukinunua simu iliyotumika, fungua Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, utazame tarehe ya masasisho ya usalama. Ikiwa ni ya kabla ya tarehe 6 Novemba 2016, usiweke humo huduma za benki wala pesa za simu.