Siti ya baiskeli ya mbio ya zamani: yasemwayo na yalivyo

"Paipu ya siti imechomoza kidogo tu, kwa hiyo siti iko chini mno." Anayesema hivi amezoea baiskeli za sasa, ambazo bomba lao la juu huteremka kuelekea nyuma na kuacha paipu, yaani bomba linaloshikilia siti, ikiwa ndefu nje. Fremu nyingi za chuma za miaka ya 1970 na 1980 bomba hilo limelala sawasawa na ardhi, na waendeshaji walichagua fremu kubwa. Paipu kuchomoza kiasi cha ngumi moja lilikuwa jambo la kawaida. Kimo cha siti hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya krenki (krenki ni mikono inayobeba pedali) hadi juu ya siti, basi. Greg LeMond, bingwa wa mbio za Tour de France, na kocha wake Cyrille Guimard walieneza hesabu moja rahisi: pima mguu kwa ndani, peku, kutoka kinenani hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 82 unatoa kama 72.4. Hapo ni pa kuanzia tu, kwa sababu soli, pedali na urefu wa krenki hubadilisha mambo. Hakikisha kwa kisigino: kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba.

Kwamba ukiwa umekaa lazima nyayo zote mbili zikanyage chini? Hapana. Siti ya namna hiyo hulikunja goti kupita kiasi kila mzunguko, na maumivu huanzia mbele ya goti. Ukisimama, shuka utangulie mbele ya siti.

"Usukani uko mbali, sogeza siti mbele." Huu kwangu ndio ushauri unaoharibu kuliko yote, maana unaonekana kufanya kazi kwa muda mfupi. Siti hupangwa kwa ajili ya miguu. Umbali wa mikono hutibiwa kwa shingo fupi ya usukani, ile inayounganisha usukani na fremu. Ukiisogeza siti mbele, uzito unahamia viganjani na kimo nacho kinapungua bila wewe kugusa paipu. Kwenye fremu ya kawaida, sentimita 1 ya kwenda mbele au nyuma hubadilisha umbali wa siti na ekseli ya krenki kwa takriban milimita 3, kwa hiyo kila ukisogeza, pima kimo upya. Ile kanuni ya kuning'iniza timazi ili goti likae juu ya ekseli ya pedali ni mazoea yenye manufaa, lakini hakuna sheria ya maumbile inayoidai.

Kama siti haifiki unapotaka, tazama klampu, kibano kinachoshika siti juu ya paipu, kabla ya kununua chochote. Paipu nyingi za kizamani ni bomba tupu lenye klampu ya pekee juu yake, na klampu hiyo ikigeuzwa hukaa mbele au nyuma ya paipu. Siti inahama zaidi ya sentimita 2 bila gharama yoyote.

Kuinamisha pua ya siti kila inapouma nako ni kuhamisha maumivu tu: unateleza mbele na mikono inabeba mwili. Anza na siti iliyolala sawa na ardhi. Klampu zenye meno ya kurekebishia mwinamo huruka hatua kubwa, na mara nyingine sawa kabisa haipatikani. Chagua jino la karibu zaidi.

Wengine hukwepa grisi wakidhani paipu itateleza. Aluminiamu ndani ya chuma bila grisi huota kutu na kung'ang'ania hadi isitoke tena. Paipu inayoteleza mara nyingi ni ya kipenyo kisicho chake: milimita 27.2, 26.8 na 26.4 hazitofautishwi kwa macho, zinahitaji kalipa, kipimo cha kupimia kipenyo. Kukaza bolti ya paipu zaidi kunapinda masikio ya fremu ambamo bolti hiyo hupita. Na ukiipandisha paipu isiyo na alama ya mwisho wa kupandishwa, acha walau sentimita 7 ndani, na ncha yake ipite chini ya kiungo cha bomba la juu.